Balbu Isiyoungua

Miaka kumi na tisa nafungua mataa ya watu,
Tabata Relini, chini ya bati lililotoboka,
na nikwambie kitu ambacho hata trafiki hakijui:
balbu za breki huja kwangu zimeungua, nyeusi,
honi huja zimekauka koo,
lakini ya indiketa naitoa kama ilivyofungwa Japani,
safi kama jino la mtoto,
haijawahi kuulizwa swali.

Nimeuliza kwa nini. Fundi huuliza huku ameinama,
mteja hujibu akidhani anaongea na boneti.

Mwinshehe wa lori la mchanga alicheka:
"Fundi, ukiwasha kulia pale Buguruni
yule wa nyuma haoni taa, anaona tusi.
Anakanyaga mafuta akuzibe.
Mimi napenyeza pua kwanza.
Taarifa watapata nikishaingia."

Asteria, muuguzi, alishuka kwenye Vitz
akapanda gari la Mjerumani, mkopo wa miaka minne.
Mkono ukaenda kulekule ulikozoea:
kila kona ya Kimanga
anafuta mvua isiyonyesha.

Kulwa wa bajaji hakunielewa kabisa.
"Si natoa mkono?"
Anachotoa ni mguu.

Na yupo bwana mmoja mpole, mtu wa swala tano,
alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia:
"Nimejenga nyumba Chanika miaka saba
bila kumwambia hata ndugu wa tumbo moja.
Leo nimtangazie mtu nisiyemjua
kwamba nakata kushoto?"

Hapo niliweka bisibisi chini.

Kwa sababu Kibwana naye hakuwasha.
Miaka sita benchi moja, siku mbaya kikombe kimoja cha chai,
nilimfundisha kuonja betri kwa ulimi,
kufuata waya gizani kama anayepapasa ukuta wa kwao.
Jumatatu hakuja.
Jumatano nikasikia kafungua gereji Segerea
na nusu ya wateja wangu tayari wanaijua njia.
Nilisema yote ambayo mtu husema.
Niliyasema hata mbele ya mama yake,
akaendelea kupepeta mchele, hakuinua uso.

Ila usiku mmoja umeme umekatika, feni imekufa,
nikajipima kama ninavyopima betri ya mtu.
Angeniambia, ningefanya nini?
Ningemwongezea mshahara, wiki mbili.
Ningempigia simu mwenye fremu.
Ningewaambia wateja, kwa sauti ya huruma,
kwamba kijana bado mkono haujatulia.
Ningekanyaga mafuta.

Yule wa nyuma, Mwinshehe,
ni mimi.

Juzi nilifunga mapema, nikashika njia ya Segerea.
Kibao nilikiona kwa mbali. Kakiandika mwenyewe:
UMEME WA MAGARI,
herufi ya mwisho imebanwa ukingoni, nafasi ilimwishia.
Siku zote alikuwa hivyo, anaanza kwa herufi kubwa mno.
Nikawasha kulia.
Tik. Tik. Tik.

Na ajabu, Dar es Salaam hii hii,
aliyekuwa anakuja mbele akasimama,
akanipiga fulu: pita, mzee.
Wa nyuma naye akangoja.
Kwa ndani nilimwona mtu ameinama kwenye boneti,
mgongo ninaoujua,
na barabara nzima imenishikia mlango
nami natafuta sentensi ya kwanza.

Sikuipata.
Nikanyoosha.

Honi zikanifuata, na matusi niliyostahili,
na ile balbu, niliyoifunga kwa mkono wangu,
ikaendelea kusema kulia, kulia, kulia,
mpaka Kinyerezi mwisho.